Leo Tena Gari Haliwaki

Ufunguo ulizungushwa, gari likakohoa kidogo, likanyamaza.

"Limegoma tena," mzee alisema. Akashuka, akafungua boneti, akabaki kuikodolea macho injini.

Mkewe alikaa kiti cha nyuma, kikapu mapajani. Ndani ya kikapu alilala Bosi, paka aliyebaki ngozi na mifupa. Daktari wa mifugo alishasema figo zimekwisha na dawa hakuna. Apelekwe tu, achomwe sindano apumzike. Mzee alikubali papo hapo. "Paka ni paka," alisema, akaenda zake kuoga.

Kwa mkewe, Bosi hakuwa paka tu. Binti yao wa pekee ndiye aliyemwokota mtaroni akamnywesha maziwa kwa bomba la sindano, na tangu binti azikwe, Bosi hajalala pengine ila juu ya mto wake. Sasa naye akiondoka, chumba kile kitabaki na nani?

Ndiyo maana alfajiri ya siku ya miadi, mzee akiwa bado anakoroma, mama alinyata hadi uani na spana, akalegeza kebo ya betri. Kidogo tu. Toka siku hiyo gari halijawaka, na mama alianza kumhurumia mumewe. Mtu ameendesha malori maisha yake yote, leo kebo imelegea mbele ya pua yake na haioni! Macho yamekwisha, masikini.

"Tumwite fundi?" aliuliza kwa kujikosha.

"Mimi nifunguliwe boneti na fundi? Thubutu!"

"Basi teksi."

"Na paka anayejikojolea? Tutashushwa njiani. Kesho, bibie. Kesho litawaka."

Kesho zikafuatana. Kila asubuhi mzee alitangulia nje kufuta vioo, mama akafuata na kikapu, gari likakohoa, wakarudi ndani.

Kisha Bosi akaacha kunywa maji. Akawa analia kilio chembamba, na ukimgusa mgongo anajikunyata kwa maumivu. Mama alimtazama jioni nzima, akaona aibu. Haya si mapenzi, alijiambia. Ninamtesa kwa ajili yangu mwenyewe.

Kulipokucha alirudi uani na spana yake. Machozi yakimtiririka, aliikaza ile kebo kwa nguvu zake zote mpaka kiganja kikamuuma. Akaingia ndani, akamfunika Bosi kwa sweta la binti, akamnong'oneza maneno ambayo hakuwahi kupata nafasi ya kumwambia mwenye sweta.

Mzee alikuwa ameshatangulia kufuta vioo. Mama akapanda, akakumbatia kikapu, akafumba macho.

Ufunguo ukazungushwa. Kimya. Safari hii hata taa ya dashibodi haikuwaka.

"Limegoma," mzee alisema. Akashuka haraka, akafungua boneti.

Mama alingoja. Alipoona mzee harudi, aliweka kikapu kitini, akashuka, akazunguka mbele ya gari.

Kebo ilikuwa imeng'olewa kabisa na kukunjwa pembeni. Mzee alikuwa ameinamia betri, mabega yakimtikisika kwa kilio kisicho na sauti, spana ikichungulia mfukoni mwake.