Maji Yaliyolala

Siku ya kuanua matanga, wanawake waliifagia nyumba nzima, wakafua hata mapazia. Mwanamvua, dada wa marehemu, akalisugua tangi la samaki kwa sabuni na kulijaza maji ya bomba.

"Limetakata, wifi," alimwambia Tunu, mjane. "Kaka angefurahi."

Tunu akatazama. Samaki wote walikuwa juu, vinywa wazi, wakihema kama watu waliokimbizwa.

Akaikumbuka ndoo. Kila jioni Shebe, mumewe, alikinga maji akayaacha pale mlangoni mpaka kesho yake. "Yalale kwanza, dawa ya bomba itoke," alikuwa akisema, na Tunu, kila alipojikwaa, alimjibu kwamba katika nyumba hii hata maji yana pa kulala ila yeye hana pa kupita.

Ndoo ya mwisho ilikuwa bado pale, vumbi limetanda juu. Tangu mazishi alikuwa hajamruhusu mtu kuyagusa maji yale, iwe kwa kunawa au kwa kudekia.

Sasa alilitandua vumbi kwa kiganja, akawachota samaki kwa bakuli, mmoja mmoja, akawatia ndani ya ndoo. Wakazama polepole. Mmoja akapunga mkia.

Tunu akachukua ndoo nyingine, akaijaza bombani na kuitua katikati ya mlango.

"Wifi, hapo si utajikwaa?"

"Nitajikwaa," alisema Tunu, akaisogeza kidogo, mpaka ikakaa mahali pake hasa.