Wito Unaongoja

Kwa jina la Mola asiyesahau jina la mja wake.

Katika mji ambao kuta hukagua kila neno na kufuta majina yasiyo na watu, Bi Mwanatumu aliandaa futari na mkazamwana wake, Rukia. Kwa mazoea akamwita marehemu mumewe: "Bwana Shekuwe, karibu!"

Ukuta ukaonya: "Jina halina mtu. Wito haungoji mtu. Jina litafutwa."

"Mama, nyamaza! Utamfutisha baba!" Rukia akasema.

Bi Mwanatumu akacheka. "Nani kasema simngoji? We ukuta, andika: namngoja."

"Mpaka lini?" ukuta ukauliza.

"Mpaka Kiyama. Una haraka ya kwenda wapi, na miguu huna?"

Onyo likazimika, taa ya kungoja ikawaka ukutani.

Bi Mwanatumu naye ametangulia. Taa ingali inawaka. Mola awape subira waliobaki, na ukuta wao pia.