Injini Upande wa Sekela

Miaka hiyo injini ziliundwa kwa chuma kinachojiponya, mradi kilale karibu na watu. Kwa hiyo mwalimu Asajile alipoleta pikipiki yake, bolti imekatikia ndani ya injini na tundu lake limeliwa meno, fundi Ambokile hakushika keekee kuitoboa. Aliishusha injini, akaifuta mafuta, akailaza chumbani, upande wa mkewe Sekela, kama kawaida yao.

Asubuhi ya tatu kipande cha bolti kilikuwa kimejitoa, kimelala juu ya shuka. Ambokile alipapasa tundu kwa kidole. Meno yalikuwa mapya, makali.

"Zamani ilichukua wiki mbili," alisema.

"Nyumba yetu ina bahati," Sekela alijibu bila kuinuka.

Ambokile alipompa mkewe chai, aliona viganja vya mkewe vimepauka kama unga wa muhogo. Akamfunua kope, ndani hamkuwa na wekundu hata kidogo. Akahesabu moyoni. Mwaka huo peke yake injini kumi na moja zilikuwa zimelala upande ule.

"Basi. Kuanzia leo nitachonga meno kwa mkono, kama alivyofanya marehemu baba."

Aliibeba injini hadi bandani, alikofanyia kazi, akaenda kumwita muuguzi. Waliporudi, kitanda kilikuwa kitupu. Sekela alikuwa bandani, ameikumbatia injini.

"Usiiondoe, mume wangu. Bila hiyo nasikia baridi."

Ambokile alimshika mkono amwinue, akauvuta taratibu, kisha kwa nguvu. Haukubanduka. Kiganja chake kilikuwa kimeshikana na chuma, na chuma kilikuwa na joto la mwili.