Kiti cha Fundi

Mureithi aligonga kioo cha kipimo cha kasi kwa ukucha, akasonya. Mshale ulitetemeka kidogo, ukarudi kwenye sifuri.

"Hii ni ya ndege ama ni saa ya ukutani?"

Aliyeulizwa ni Guled, mwenye ndege. Alikuwa amesimama kando ya bawa na kikoi chake, ndala miguuni. Ndala, jamani! Mtu anataka kwenda angani na ndala. Mureithi alizitazama zile ndala, akatema mate kando.

Ndege yenyewe ilifika Lodwar kwa lori, vipande vipande ndani ya makasha, kama vitanda vya bweni. Guled, aliyezeeka akipeleka unga na mafuta ya kupikia Kakuma, aliiunganisha mwenyewe kwenye yadi ya malori yake, kitabu cha maelekezo mkono huu, video za simu mkono ule. Leseni ya urubani alikuwa nayo, alikwenda kuisomea Nairobi. Lakini siku hizi leseni nani hana?

Fundi wa ndege wa kweli pale mjini alikuwa mmoja tu, Mureithi, na dharau yake hakumficha mtu. Kila jioni hotelini kwa Sellah alikuwa akipiga meza na kuapa, "Kile kibanda cha kuku kikiacha ardhi, mniite mjinga mbele ya watoto wangu!" Watu walicheka mpaka chai ikawapalia. Sasa hao hao walikuwa wamejipanga kando ya kiwanja cha ndege, Sellah mwenyewe amefunga hoteli na kuja na thamosi. Na huko Kakuma, mama yake Guled, bibi Qorane, alikuwa ametolewa nje na kiti chake tangu alfajiri, amwone mwanawe akitokea juu. Ndege ikifika huko, Mureithi hana uso wa kurudi nao hotelini.

Ndiyo maana Sellah alishangaa aliposikia amekubali kazi. Guled alikuja mwenyewe kumwomba, akamsalimu kwa Kiturkana. "Ejok, fundi. Injini na mabawa nimefunga mimi. Lakini usukani na vipimo shika wewe. Hapo mimi sibahatishi." Mureithi alikubali kabla chai haijapoa.

"Acha nikaone takataka kwa karibu," alimwambia Sellah.

Asubuhi hiyo, akipita yadini, alikuta jambo lingine la kudharau. Fundi Ekaale, aliyekuwa ametoka kufunga breki za lori la Fuso, alikuwa ameketishwa kiti cha mbele, mikono bado ina grisi, anapelekwa Lorugum na kurudishwa.

"Huyu naye ni abiria?" Mureithi aliuliza.

"Hapana. Ni desturi ya tajiri wetu, Guled," dereva alijibu. "Aliyefunga breki hupanda safari ya kwanza."

Ushamba mtupu. Mureithi alicheka mpaka akashika mbavu.

Basi akafanya kazi. Dira aliinyoosha. Kipimo cha mafuta kilikuwa kimekaa upande, akakikaza. Alikanyaga pedali, akasukuma fimbo ya usukani kushoto na kulia, akatazama vibawa vikipanda na kushuka, kila hatua akimtupia Guled neno. Hiki nani alikifunga, kipofu? Hii nati mliikaza kwa meno? Waya wa mkia, ule wa kuinua pua ya ndege, aliuacha mwisho. Huo aliushughulikia kwa kimya, akiwa amewapa watu mgongo.

Guled aliinama akaubonyeza kwa kidole. "Huu jana ilikuwa imekaza zaidi."

"Jana ulikuwa umekosewa. Wewe umesomea ndege au unga?"

"Unga," Guled alisema.

"Basi wacha maneno."

Guled aliubonyeza tena, polepole, kisha akajifuta mkono kwenye kikoi. "Umemaliza, fundi?"

"Nimemaliza."

"Wallahi hakuna kitu imebaki?"

"Nimesema nimemaliza! Ama unataka nikurushie pia?"

Mureithi alikusanya vifaa vyake bila kuvihesabu, akaanza kutafuta kivuli kizuri cha kutazamia. Kule mwisho wa kiwanja kulikuwa na laga, mto mkavu uliojaa mawe, na miiba pande zote mbili. Alichagua mti uliokuwa mbali na huko.

"Fundi," Guled aliita. Alikuwa amefungua mlango wa pili na anapangusa vumbi kwenye kiti. "Karibu. Hii ni yako."

"Yangu? Mimi niende Kakuma kufanya nini?"

"Kwangu aliyefunga ndiye anapanda. Asubuhi umeona."

"Lile ni lori, we mtu!"

"Ndiyo. Na hii inaenda juu."

Watu wakaanza kugeuza vichwa. Sellah, na mdomo wake, akapaza sauti, "Panda, fundi! Ama unaogopa kazi ya mikono yako?"

Kicheko kilichofuata kilimsukuma Mureithi hadi ndani. Alijifunga mkanda, jasho likimtiririka mgongoni, akitazama mbele kama mtu aliyetukanwa. Mara injini ikanguruma. Kibanda cha kuku kikatetemeka, kikageuka, kikaelekea kwenye laga, kwanza polepole, kisha vumbi likaanza kuruka nyuma yao.

"Zima!" Mureithi alipiga kelele, mishipa imemtoka shingoni. "Zima, Guled! Nipe spana!"

Guled alizima. Hakushangaa wala hakuuliza ya nini. Alifungua kiganja cha kushoto, na spana ilikuwa humo tayari, imelowa jasho, ile ndogo ya waya wa mkia.