Mbeba Hamu

Siku hizi kibali cha kazi cha Ulaya hakitolewi mpaka upate mtu wa kubaki nyumbani akikubebea hamu ya kwenu. Wanasema mfanyakazi anayekumbuka kwao hulegea. Mwanangu Saumu alipopata kazi ya kutunza wazee, nilijitolea mimi mama yake. Ubalozini wakanibandika nyuma ya sikio kidude chenye taa, cha kupokea hamu yake, yeye akapewa viza.

Tangu hapo nipo jikoni kwangu Tanga, nakumbuka jikoni kwangu. Napika mbaazi huku machozi yakinitoka kwa kutamani mbaazi zangu. Nikianua kanga yangu najikuta nainusa, nalia kama mtoto.

"Mama Saumu, si uko nyumbani?" huniuliza mume wangu, Mzee Shekue.

Namwambia aniache, huyu ni mtoto ananililia.

Saumu mwenyewe hupiga simu akicheka. "Mama, mbona sauti imekauka?"

"Mafua tu, mwanangu. Umekula?"

Sikumwambia kwamba nimeizoea ile hamu hata nikaipenda. Kila nikilia najua ananiwaza. Kibali kilipoisha muda, nilikuwa wa kwanza kutia sahihi tena.

Juzi nilipika mbaazi, nikala, nikaosha sahani. Nafuta meza ndipo nikagundua sikulia. Mzee akafurahi, akasema nimepona. Nikamwomba anitazamie kile kidude.

"Taa yake inawaka kama kawaida," akasema.

Nikaichukua kanga, nikainusa. Ilinukia sabuni tu.