Masikio Mawili

Hilari aliteremka milima ya Mwese kwa miguu, siku mbili, ili akakiri uongo wake kabla Profesa hajauchapisha.

Mwaka 1956 Profesa alifunga redio mbili zisizoimba wala kutoa habari: moja Mwese kwa Hilari, nyingine mjini Mpanda kwa Telesphor. Kazi ya redio hizo ilikuwa kunasa mvumo wa nyota moja ya mbali mno, mvumo kama mvua juu ya bati. Masikio mawili yaliyoachana, alisema Profesa, yataonyesha kama nyota ile inatema mchirizi mmoja wa gesi au miwili. Kila wiki walimpelekea vipimo, wao wakipeana nakala.

Hawakuwahi kuonana. Kule kilimani Hilari hakuwa na mtu wa kuongea naye, akazipenda barua za Telesphor kuliko mshahara. "Kaka, simba hawajakula bado?" Telesphor aliandika. "Au wamekuonja wakakutema?"

Pasaka iliyofuata radi ikapiga mlingoti wa antena. Redio ya Hilari ikanyamaza. Angesema, wangemwondoa, na barua zingekoma. Akachukua vipimo vya Telesphor, akapunguza hapa, akaongeza pale, akavituma kama vyake. Miezi saba.

Sasa Profesa ameandika: vipimo vyao vinakubaliana ajabu. Michirizi ni miwili. Jumamosi atakuja kuwapa mkono, kisha dunia itasoma majina yao.

Hilari hakuzoea kuinamisha kichwa mbele ya mtu. Njia nzima alijifunza namna ya kukiinamisha.

Telesphor alimkuta mlangoni pake, mtaa wa Makanyagio mjini Mpanda, miguu imejaa vumbi.

"Ndiwe Hilari? Nilidhani una ndevu."

"Telesphor, sikiliza."

"Kaa kwanza, kaka. Ule."

"Redio yangu imekufa tangu Pasaka." Hilari alisema akiwa bado amesimama. "Nilikuwa nanakili vipimo vyako. Vyako ndivyo vya kweli. Mwambie Profesa ashike hivyo, jina langu alifute."

Telesphor hakukasirika. Alimshika mgeni wake mkono, akamwingiza chumba cha ndani, akaifunua redio yake. Udongo wa mchwa ulikuwa umeijaa hadi juu, mkavu, wa zamani.

"Tangu Kwaresima," alisema. "Mimi nilikuwa nanakili vyako."