Hali ya Pampu

Maji yalikatika povu likiwa limemfika mama mkwe kwenye nyusi. Akatoka bafuni na taulo, jicho moja kalifumba.

"Mkwe wangu, maji!"

"Pampu inafanya kazi, mama," akajibu mkwewe, fundi wa kompyuta. "Skripti yangu imesema."

Kompyuta ndiyo iliyoendesha pampu, na skripti, programu fupi ya kuikagua, ilisaka neno "pampu" kwenye orodha ya programu zilizo hai. Fundi akaichungulia orodha. Skripti yenyewe aliibatiza "kagua-pampu", hivyo ilikuwa ikijikuta yenyewe orodhani. Nyani haoni kundule, lakini hii haikuona kingine.

Akarekebisha mstari mmoja. Kioo cha kompyuta kikaandika: PAMPU IMEZIMIKA.

"Mama!" akaruka kwa furaha. "Sasa inasema kweli!"

Mama mkwe akafumbua jicho la pili. Povu likamwingia. Akapapasa sakafuni mpaka akaipata ndoo tupu, akamkabidhi mkwewe.